Jirani na Ukoo: Irabu Zinavyopatana, Maneno Yanavyopatana

Neno irabu nililijua kwanza kama kazi ya mkono. Chuoni, yaani madrasa, mwalimu wetu aliandika ubaoni mstari wa herufi za Kiarabu zilizo tupu, kisha akatuita mmoja mmoja tukazitie irabu: fataha juu, kasra chini, dhuma juu. Baadaye, katika shule ya serikali, neno lilelile likawa na maana ya sauti tano za Kiswahili, a, e, i, o na u, na sikuona tofauti yoyote ya kunisumbua, kwa sababu alama zile za chuoni nazo zilikuwa za sauti.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma nahau ya Kiarabu, yaani sarufi yake, kwa utaratibu, ndipo nilipotambua kwamba neno hilo lilipofika pwani yetu lilibadilisha kazi. Kwa wanahau wa Kiarabu, irabu si sauti wala si alama ya sauti. Ni yale mabadiliko ya mwisho wa neno yanayoonyesha neno hilo limekaa wapi katika sentensi, kwamba, kwa jina Zaid, Zaidun ndiye aliyetenda na Zaidan ndiye aliyetendwa. Tena wanahau hao walishikilia kwamba mabadiliko hayo hayazuki yenyewe, bali huletwa na aamili, yaani neno jingine katika sentensi linalolitawala hilo linalobadilika. Sibawayhi, aliyesoma Basra na kufariki mwishoni mwa karne ya 8, aliyaeleza hayo mwanzoni mwa kitabu chake, akafika kwenye sauti na namna zinavyoingiliana mwishoni kabisa. Kwake irabu ilikuwa jambo la sintaksia, yaani muundo wa sentensi. Sisi tulichukua kile kinachosikika, yaani u na a za mwisho wa Zaidun na Zaidan, tukaipa sauti yenyewe jina hilo.

Safari hiyo ya neno moja kutoka sintaksia hadi fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, imenifanya nilitazame kwa makini swali ambalo wanaisimu wamelijadili kwa muda mrefu: je, muundo wa sentensi na muundo wa sauti vimejengwa kwa ramani moja?

Wapo waliojibu ndiyo tangu zamani. Priscian, aliyefundisha Kilatini mjini Constantinople mwanzoni mwa karne ya 6, alipofika kwenye sehemu ya sintaksia ya kitabu chake aliianza kwa kulinganisha: kama herufi zinavyoungana kwa utaratibu maalumu kuunda silabi, na silabi kuunda neno, ndivyo maneno yanavyoungana kuunda sentensi kamili. Mwaka 1949 Jerzy Kuryłowicz, mwanaisimu wa Poland, aliandika makala akiieleza silabi na sentensi kuwa miundo inayofanana umbo. Huko Edinburgh, John Anderson alilitetea wazo hilo kwa miongo kadhaa, akisema kwamba tofauti kati ya pande hizi mbili lazima ithibitishwe kwa hoja, na pasipo hoja tuchukulie kwamba zinafanana. Mwaka 1985 Jonathan Kaye, Jean Lowenstamm na Jean-Roger Vergnaud waliingiza dhana ya utawala katika fonolojia, wakisema kwamba kipande kimoja cha sauti humtawala jirani yake kama kitenzi kinavyotawala yambwa yake, yaani kile kinachotendwa. Sibawayhi angelitambua wazo hilo mara moja.

Ulinganisho unaotajwa mara nyingi ni huo wa silabi na sentensi. Silabi ina kiini, ambacho kwa kawaida ni irabu, na konsonanti hukaa pembeni. Sentensi ina kitenzi, na nomino hukaa pembeni. Katika Kiswahili jambo hili linaonekana waziwazi: neno oa lina silabi mbili na kila moja ni irabu tupu, na vivyo hivyo tukisema Wameondoka, kitenzi peke yake ni sentensi nzima isiyohitaji kuongezewa kitu. Hata matukio ya nje ya kawaida yanafuatana. Silabi ya kwanza ya mtu haina irabu, m imekalia kiti cha irabu na kubeba shadda, yaani mkazo wa sauti, kama irabu yoyote. Sentensi kama Huyu mwalimu nayo haina kitenzi, na bado imekamilika.

Nakiri kwamba ulinganisho huu unapendeza, lakini haunitoshi. Kitu chenye kati na pembeni kinapatikana kila mahali: mji una kitovu chake, na nyumba za Waswahili zina ukumbi na vyumba vinavyouzunguka. Andrew Carstairs-McCarthy alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1999, akidai kwamba binadamu wa kale walipata umbo la sentensi kwa kuazima umbo la silabi ambalo vinywa vyao vilikuwa tayari vinalo. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini kufanana kwa maumbo mawili yaliyosimama hakutuambii kama yanaongozwa na kanuni moja. Ili tujue hilo, inafaa tuzitazame kanuni zikiwa kazini, na Kiswahili kina kanuni mbili zinazofaa sana kwa jaribio hilo, moja ya sauti na nyingine ya sentensi.

Ya kwanza ni upatanifu wa irabu katika mnyambuliko wa vitenzi. Pika hutoa pikia, funga hutoa fungia, kata hutoa katia, lakini soma hutoa somea na leta hutoa letea. Kiambishi ni kilekile kimoja cha kutendea, ila irabu yake huwa i baada ya i, u na a, na huwa e baada ya e na o. Kauli ya kutendesha inafuata njia hiyohiyo, ndiyo maana tuna pikisha na somesha. Ya pili ni upatanisho wa kisarufi, ambao kila mtoto wa shule ameuimba: vitabu vyangu vile viwili vimepotea. Nomino moja imeamua, na maneno yote yanayoihusu yamevaa sare yake.

Si bure kwamba kanuni hizi mbili zinaitwa kwa majina yenye mzizi mmoja wa patana. Katika zote mbili kuna anayeamua na kuna wanaofuata, wala hawabadilishani nafasi. Irabu ya mzizi wa kitenzi haibadiliki kwa ajili ya kiambishi, na nomino haibadilishi ngeli ili ikifurahishe kitenzi. Zaidi ya hayo, katika zote mbili sare huweza kusafiri kituo hadi kituo. Katika somesheana, kama katika walimu wanasomesheana watoto, o ya mzizi imeleta e ya -esh-, kisha kiambishi cha kutendea nacho kimekuwa e. Mtu akiniambia kwamba hapo pana kanuni moja iliyovaa nguo mbili, moja ya sauti na moja ya maneno, sina haraka ya kumpinga.

Lakini mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi. Nilikuwa nimeandika kanuni ya irabu ubaoni kwa uhakika kabisa, naye akauliza kwa nini basi tunasema gonganisha na wala si gonganesha, ilhali mzizi ni gong na irabu yake ni o. Nilimjibu kwamba ndivyo lugha ilivyo. Lilikuwa jibu baya, na nilijua hivyo hata kabla kengele haijagongwa, kwa sababu swali lake lilikuwa limebeba jambo zima.

Tazama gonganisha, tenganisha na kosanisha. Mizizi yake ina o na e, na kama mzizi ndio unaoamua, tungetarajia -esh- katika zote tatu. Lakini kati ya mzizi na kiambishi cha kutendesha imeingia -an- ya kutendana, na irabu ya -an- ni a. Kiambishi cha kutendesha hakiuoni tena mzizi. Kinamwona jirani yake aliyekaa mlangoni, na jirani huyo ni a, kwa hiyo kinakuwa -ish-. Hapo ndipo tunapogundua kwamba hata katika somesheana haikuwa o ya mzizi iliyoifikia e ya pili moja kwa moja. Ilikuwa e ya kwanza, jirani, iliyompasha jirani mwenziwe. Irabu haina habari za ukoo. Inajua nani amekaa karibu nayo, basi.

Sasa tufanye jaribio lilelile upande wa sentensi: tumweke mtu katikati. Kitabu cha watoto wa mwalimu kimepotea. Kabla ya kitenzi kuna mwalimu, na nyuma ya mwalimu kuna watoto. Kama kitenzi kingemfuata jirani, tungesema kitabu cha watoto wa mwalimu amepotea, na msikilizaji angeanza kumtafuta mwalimu. Kitenzi kimewaruka wote wawili kikaenda kushika kitabu, kwa kuwa kitabu ndicho kichwa cha kirai kizima, yaani neno kuu la kundi hilo la maneno, na watoto pamoja na mwalimu wamo ndani ya kirai hicho kama wageni katika nyumba ya mwenyewe. Unaweza kuongeza wageni utakavyo, kitabu cha watoto wa mwalimu wa shule ya kijiji cha jirani kimepotea, na ki- haitetereki. Sintaksia haimtazami aliye karibu. Inatazama nani ni wa nyumba gani.

Jaribio ni moja, na majibu yamekuja kinyume. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba ramani ni moja tu. Utawala upo pande zote mbili, ila upeo wa macho wa anayetawaliwa haulingani.

Jambo hili lina sura yake katika hisabati ya lugha pia. C. Douglas Johnson mwaka 1972, na baadaye Ronald Kaplan na Martin Kay katika makala yao ya mwaka 1994, walionyesha kwamba kanuni za fonolojia za aina iliyotumiwa na Noam Chomsky na Morris Halle mwaka 1968, kwa jinsi zinavyotumika kwa kawaida, zinaweza kutekelezwa na mashine ndogo isiyo na akiba ya kumbukumbu, inayosoma sauti moja baada ya nyingine na kukumbuka hali yake ya sasa tu. Mashine hiyo inaweza kabisa kutamka gonganisha sawasawa. Sentensi zinadai zaidi, kwa kuwa kirai cha nomino huingia ndani ya kirai cha nomino, na kishazi ndani ya kishazi, bila sarufi yenyewe kuweka kikomo. Mwaka 1985 Stuart Shieber alionyesha, kwa kutumia Kijerumani cha Uswisi, kwamba sintaksia ya lugha za binadamu huweza kudai hata zaidi ya ile sarufi ya matawi tunayoichora darasani. Upande wa sauti hakuna kinacholingana na hilo: silabi haimezi silabi nyingine, nayo hiyo ikameza nyingine.

Hata hivyo ukuta kati ya pande hizi una nyufa, na nyufa hizo ndizo zinazonivutia kuliko ukuta wenyewe. Wa kwanza nimeuona kwa miaka mingi katika insha ninazosahihisha. Wanafunzi wanaojua Kiswahili tangu kuzaliwa huandika ubora wa vitabu hivi vimepungua, au matatizo ya nchi hii imezidi, na wakisomewa sentensi hizo polepole huzikosoa wenyewe mara moja. Hawakukosa kujua. Mkono ulikuwa unaandika haraka, na akili iliyochoka ikamshika aliye karibu. Kathryn Bock na Carol Miller walichunguza makosa ya namna hiyo katika Kiingereza kwa majaribio waliyoyachapisha mwaka 1991, wakaona wazungumzaji wakivutwa na nomino iliyo jirani na kitenzi. Mimi nayasoma makosa hayo hivi: nguvu ya kuona ukoo inapopungua kwa dakika moja, inayobaki ni ile ya kuona jirani, na hiyo ndiyo nguvu inayoendesha upatanifu wa irabu.

Ufa wa pili si kosa. Nomino mbili za ngeli tofauti zikiunganishwa kwa na, ni ipi itakayokiamuru kitenzi? Viti na meza zimeletwa, meza na viti vimeletwa. Ndivyo wasemavyo wengi, na vitabu vya sarufi vinaruhusu hivyo: kitenzi kinafuata nomino iliyo karibu nacho. Sababu, nionavyo mimi, ni kwamba hapo kichwa kimekosekana. Viti na meza ni wenzi, hakuna aliye mgeni katika nyumba ya mwingine, na ngeli zao hazina ngeli ya pamoja iliyo wazi ya kurithi. Sintaksia ikikosa mwenye nyumba hufanya kama gonganisha, inamgeukia jirani. Kwa mtazamo wangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wowote kwamba pande hizi mbili zina undugu. Njia ya jirani ipo chini ya zote mbili, na sintaksia imejenga ghorofa juu yake.

Kuna mlingano mwingine ambao sijauona ukitajwa katika madarasa yetu, nao umekaa ndani ya neno moja la kila siku. Vitenzi vya silabi moja kama kula, kuja na kunywa hubaki na ku- yao katika anakula, alikula, amekula na atakula, lakini huiacha katika akila, akala, hali na ale. Shadda ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya njeo na, li, me na ta havikubali kuibeba. Ku- huletwa kama mhimili, haina maana yoyote pale, inashikilia shadda tu. Kiambishi cha yambwa kikija na kushika nafasi hiyo, mhimili huondoka: simba anamla swala, na m sasa ndiyo iliyobeba shadda.

Upande wa sentensi nao tuna mhimili. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kina nafasi moja ya njeo, na mtu akitaka kusema kwamba tendo lilikuwa likiendelea wakati uliopita, njeo mbili hazitoshei mahali pamoja. Tunaleta kuwa ibebe ile iliyozidi: alikuwa anasoma, atakuwa amefika. Kuwa hapo haielezi tendo lolote, inashikilia njeo kama ku- inavyoshikilia shadda. Sasa litazame neno alikuwa lenyewe. Mzizi wake, wa, ni wa silabi moja, kwa hiyo ndani ya mhimili wa sentensi kuna mhimili wa sauti, ku- ileile. Siku nilipoligundua hilo nilikuwa nasubiri daladala, nikalirudia neno hilo kwa sauti hadi watu wakanigeukia, na bado nadhani lilistahili kurudiwa. Mzigo usio na mbebaji unatafutiwa mbebaji mtupu, huku na huku, kwa kanuni ambayo naamini ni moja.

Sylvain Bromberger na Morris Halle, katika makala yao ya mwaka 1989, walionya dhidi ya kuzivutia pande hizi kwenye nadharia moja. Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba sintaksia inashughulikia uhusiano wa umbo na maana, wakati fonolojia inashughulikia namna kumbukumbu ya maneno inavyogeuka kuwa mwendo wa ulimi na midomo, na kwamba hakuna sababu ya kutarajia kazi mbili tofauti zifanywe kwa zana zilezile. Onyo hilo ni la haki, nami ninalipokea kwa nusu. Linaeleza kwa nini ghorofa ya juu ipo upande mmoja tu, kwani maana ndiyo inayotaka kirai kiingie ndani ya kirai: nahitaji kukuambia ni kitabu cha nani, na huyo nani ni mtoto wa nani, ilhali sauti o haihitaji kueleza ni o ya nani. Lakini halielezi viti na meza, wala halielezi ile mihimili miwili.

Na pale pande hizi zinapokutana kweli, mfano bora ninaoujua umetoka kwa ndugu zetu wa Barawa, katika pwani ya Somalia, wanaosema Chimwiini. Mohammad Imam Abasheikh, msemaji wa lugha hiyo, na Charles Kisseberth walichapisha mwaka 1974 uchunguzi wa urefu wa irabu za Chimwiini, na kwa miaka mingi baadaye wakakusanya kamusi yenye mifano ambayo ilitoka Tokyo mwaka 2004. Chimwiini ina irabu ndefu na fupi, jambo ambalo Kiswahili cha Unguja au Mombasa hakina kwa namna hiyo. Irabu ndefu huruhusiwa tu karibu na mwisho, katika silabi ya pili au ya tatu kutoka mwisho, na ikiwa mbali zaidi hufupishwa. Mwisho wa nini, ndilo swali. Si mwisho wa neno, kwa kuwa neno lenye irabu ndefu linalotamkwa peke yake huweza kuipoteza likifuatwa na maneno mengine. Ni mwisho wa kirai. Kitenzi na yambwa yake huhesabiwa pamoja, kwa hiyo irabu ya kitenzi hufupishwa kwa sababu ya nomino inayokifuata, na kiima hukaa peke yake na hesabu yake.

Mwaka 1986 Elisabeth Selkirk aliutumia ushahidi huo kueleza namna sauti inavyoipokea sentensi. Alionyesha kwamba fonolojia ya Chimwiini haihitaji kujua kirai kimejengwaje ndani, wala nani ni kichwa na nani ni mgeni. Inachohitaji ni kujua ukingo wa kulia wa kirai uko wapi. Ikifika ukingoni inaanza kuhesabu silabi kurudi nyuma, moja, mbili, tatu, na nyumba yote iliyojengwa na sintaksia, pamoja na vyumba vyake na wageni wake, kwa irabu za Barawa ni ukuta mmoja wa upande wa kulia.